Namna ya kutazama mchezo wa jukwaani halafu mkakaa mkazungumza kweli

Jamani kuna jambo nnataka tulizungumze sisi tunaopenda maigizo hapa Unguja na wenzetu wa Pemba. Mchezo ukimalizika, watu wakishapiga makofi, swali la mwanzo linalotoka ni lile lile tulolizoea tangu skuli: haya, tumepata funzo gani? Mmoja atasema tusiwe na tamaa, mwengine atasema tuwatii wazee, watu wataitikia eeh kweli, na hapo mchezo ushakufa. Mumekaa saa nzima na zaidi mnamtazama mtu moyo unampasuka baina ya mambo mawili, halafu yote yale yanafungwa kwa sentensi moja ambayo kila mtu alikuwa anaijua kabla hajaingia ukumbini.

Mie nnavoona mchezo wa jukwaani una kazi kubwa zaidi ya hio, khasa kwetu sisi. Sisi watu wa muhali. Jambo la ndugu hulisemi, la jirani hulisemi, la mzee ndo kabisa, visiwa vidogo hivi kila mtu ana ujamaa na mtu. Lakini mambo ya yule alosimama jukwaani unaweza kuyasema mpaka usiku ukaingia na hakuna alovunjiwa heshima yake, na katika kumsema yeye unajikuta yako pia yanatoka. Kwa hio nnaandika hapa namna tunavofanya sisi mtaani kwetu, anotaka achukue, na anojua zaidi aengeze.

Chagua mchezo ambao kila mtu ana haki yake

Si kila mchezo unafaa. Michezo mingi inoletwa mitaani na vikundi vya sanaa ni ya ujumbe, chanjo, malaria, kipindupindu, taka. Ni kazi nzuri na faida yake tunaiona, lakini pale jibu lishatolewa tangu mwanzo, nawa mikono basi, hapana cha kubishania. Weye unautaka ule ambao mtu mmoja ana mambo mawili mbele yake, yote mawili yana haki ndani yake au yote mawili yana dhambi, na hawezi kuyafanya yote.

Kipimo nnachokitumia ni hiki. Isimulie hadithi kwa mdomo wa kila mhusika, msimulie baba kama baba, halafu binti kama binti, halafu yule anoonekana mbaya. Ukiweza kumsimulia kila mmoja ukamuonea imani japo kidogo, mchezo huo uchukue. Ukimkuta mmoja ni shetani tu toka anaingia mpaka anatoka, uwache, mtakaa barazani mkubaliane tu mrudi majumbani.

Mchezo ambao kila nikiufikiria naona hauishi maneno ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, ulotoka 1969, na wengi wetu tumepitishwa skuli lakini tulipitishwa kwa ajili ya mtihani. Kinjeketile anawaletea watu maji na neno la umoja, watu wanaamini maji yale yatawakinga na risasi za Wajarumani, halafu yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, anataka watu wangojee, lakini neno lishamtoka mkononi lishakuwa lao. Mwisho keshashikwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Sasa kaa kitako na swali hilo. Akisema ni uongo, watoto watakaozaliwa wataambiwa babu zao walipigana kwa ujinga, na kila walichokipigania kitaonekana upuuzi. Asiposema, anawaachia watu imani ambayo yeye mwenyewe anaitilia shaka, na imani ile ishazika watu. Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 vilikuwa vya kweli na walokufa ni wengi mno, kwa hio hapa mnazungumzia maiti za watu, sio fasihi ya kujibia karatasi. Sijawahi kuona watu kumi wakakubaliana juu ya lile neno la mwisho la Kinjeketile, na wakibishana hawabishani kijinga.

Kama hapana kikundi kinachocheza karibu na nyinyi, msikae mkingojea. Chukueni kipande kimoja tu cha Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilotoka mwanzo 1963, sehemu ya tatu onyesho la pili, pale Brutus keshamuua rafiki yake Kaizari kwa kusema anaiokoa Roma na anasimama kuwaeleza watu kwa nini, halafu baada yake anasimama Antony, sahibu wa Kaizari. Vijana wawili wenye sauti wasimame uwanjani wasome kwa sauti, mmoja Brutus mmoja Antony, na walobaki wote ndo raia wa Roma. Brutus akimaliza, simamisheni pale pale, muulize nani anaona kafanya haki, watu wanyooshe mikono, mtu ahisabu. Halafu Antony aseme yake yote mpaka mwisho. Hisabuni tena. Mikono itahama, na hapo ndo penye utamu, kwa sababu sasa hamuulizani tena juu ya Brutus, mnaulizana nyinyi mlohama: ulihama kwa sababu ulipata hoja mpya au kwa sababu ulilizwa? Na yule asohama, alikuwa anasikiliza au alishajifunga toka mwanzo? Kwa saa moja hio mtajuana zaidi kuliko miaka ya kusalimiana njiani.

Watu wa kwenda nao

Sita mpaka kumi, wakizidi hapo wawili watatu watazungumza na walobaki watatazama simu. Changanya umri. Kijana wa miaka ishirini na bibi wa sabini wakitazama mchezo mmoja ni kama wametazama michezo miwili mbali mbali, na ndo unavotaka. Changanya wanawake na wanaume pia, na kama desturi ya nyumba yenu ni kukaa mbali mbali kaeni mbali mbali, mkeka mmoja huku mmoja kule, ila sauti zifike.

Hili la wakubwa linataka adabu na mpango. Akiwepo mzee wa kuheshimika, mwalimu wa chuoni, sheha, au mtu yeyote ambaye akishasema wengine hawasemi, mfuate mapema nyumbani kwake, shikamoo yako, mkae, umueleze: mzee wangu tunakuomba uwepo, ila tunakuomba uzungumze mwisho, maana ukitangulia weye hawa vijana watafunga midomo. Mie sijaona mzee alokataa akiombwa namna hio. Wengi wanafurahi, kwa sababu na wao wamechoka kuambiwa ndio mzee ndio mzee na hawajui vijana wana nini moyoni.

Ukiwa pale ukumbini

Usisomewe mchezo kabla. Anojua mwisho anyamaze. Fika mapema ukae karibu, kwa sababu unachokitafuta kiko usoni na mikononi mwa muigizaji, ukikaa nyuma kabisa utasikia maneno tu. Ngome Kongwe kwenye zile ngazi za mawe, pale pale tulipozoea kujaa kwa tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998 na la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, chukua kitambaa au mto mdogo wa kukalia maana mawe yale yanauma na mtu anoumwa kiuno hafikirii haki ya mtu. Kama mchezo uko shamba, uwanja wa skuli au chini ya mwembe, vizuri zaidi, mnakuwa mduara na nyuso za watazamaji wenzio unaziona.

Ukishakaa kuna vitu vitatu vya kuvishika, na usiandike, tazama tu.

Cha kwanza ni pale mtu anapochagua. Kila mchezo wa namna hii una pahala ambapo mtu bado hajaamua halafu ghafla keshaamua, na mara nyingi hapana neno linalosemwa. Kaweka kikombe chini. Kageuka mlangoni. Kajibu swali jengine silo aloulizwa. Pale pashike vizuri ukumbuke kila kitu, nani alikuwa kasimama wapi, nani alikuwa anamtazama.

Cha pili ni yule asosema. Waandishi wazuri wanaweka mtu mmoja pembeni, mtoto, mfanyakazi wa ndani, bibi mgonjwa, na sisi macho yetu yanakwenda kwa wanogombana. Kila baada ya muda mtazame yule wa pembeni.

Cha tatu ni sisi wenyewe watazamaji. Hapa ndo jukwaa linapoipita sinema na televisheni, na nnalisema kwa moyo wote. Kwetu sisi watu hawakai kimya, watu wanajibu, wanacheka, wanaguna, mama mmoja anasema "we mwanangu usifanye hivo!" na muigizaji anamsikia. Mnajua kwenye taarab mtu anavoinuka kwenda kutunza kwenye ubeti ule ule unaomgusa, ukumbi mzima ukajua leo kuna jambo. Mchezo ni hivo hivo. Kumbuka watu walicheka wapi. Pahala ambapo mwanamme kampiga mkewe na ukumbi ukacheka, pale pana mazungumzo ya usiku mzima, na mwenye kuyaanzisha si mwandishi, ni kicheko chetu.

Simu zima. Ukirekodi hutazami, na muigizaji naye anakuona.

Mkishatoka

Msizungumze njiani. Hili gumu lakini jaribuni, kwa sababu wawili wakishaanza kubishana kwenye daladala, wakifika barazani wameshachoka na wameshakuwa pande mbili. Kama mchezo umekwisha usiku na kuna watu wa mbali, afadhali mkutane kesho yake baada ya Isha, na mie kesho naiona bora hata kuliko usiku ule ule, mtu akishalala na jambo anaamka nalo limekuwa jengine. Kahawa iwepo, kashata ziwepo, na watoto wadogo wawe washalala.

Mwanzo wa mazungumzo ni marufuku kuhukumu. Nusu saa nzima mnasema mlichokiona tu. Sio "alikuwa muoga", hio hukumu. Sema "alirudi nyuma hatua mbili, akashika ukuta". Akitokea mtu kasema "mie namuona alikosea", msimamizi wa mazungumzo amrudishe taratibu: sawa, lakini uliona nini?

Nikupeni mfano mmoja kwa urefu, maana ndo tulouchezesha wenyewe barazani kwetu, kijimchezo kifupi tulotunga pamoja. Hadithi iko Pemba, msimu wa karafuu. Kijana anaitwa Hamad, baba keshafariki, mama anaumwa na anatakiwa apelekwe Dar kwa matibabu. Karafuu za shamba lao zimechumwa zimeanikwa, na sheria yetu mnaijua, karafuu zinauzwa kwa shirika la serikali tu. Hamad anaambiwa na jamaa kwamba zikivuka usiku kwa chombo kwenda upande wa pili atapata pesa zaidi na atapata mara moja. Anachukua nusu ya magunia. Dada yake, Asha, ndo karani kwenye kituo cha ununuzi, yeye ndo anaandika daftari la mizani. Asha kaziona kwa macho yake zile karafuu zilivojaa jamvini nyumbani. Siku ya kupeleka, magunia machache. Mkubwa wake anamtazama anamuuliza, "kwenu mwaka huu mbona kidogo hivi?" Na mchezo unakwisha Asha kashika kalamu.

Yule dada aloigiza Asha aliiweka kalamu juu ya meza, akaitazama, akaishika tena. Hapo taa ya uwani ikazimwa.

Tulipokaa, ugomvi wa mwanzo ulikuwa: aliandika au hakuandika? Wawili waliapa walimuona kaanza kuandika. Mmoja akasema hakuandika, alishika tu. Mwengine anasema alimtazama mkubwa wake kabla ya kushika kalamu, mwengine anasema alitazama mlango, na mlangoni ndo alipotokea Hamad. Hapana video ya kurudisha nyuma, mchezo ushapita. Watu wasiojua wanaona hii ni hasara, kumbe ndo pahala penyewe pa kuanzia, kwa sababu kila mtu kaona kile ambacho moyo wake ulikuwa unakiogopa. Msimamizi asiamue nani kaona sawa. Aulize tu: kama alitazama mlango, mchezo unakuwa upi? Na kama alimtazama mkubwa wake, je?

Kikishajaa kile mlichokiona, hapo mnaingia kwenye njia. Alikuwa na njia ngapi? Watu watasema mbili, kusema au kuficha. Wasukume. Tulipata zaidi: angeomba aondolewe kwenye daftari siku ile kwa sababu ni mali ya kwao, angemwambia Hamad mapema kabla ya kuvuka, angesema "sijui" ambayo ni uongo mdogo, angekwenda kukopa. Kila njia ikitajwa ulizeni swali moja tu, nani anailipa? Na msiridhike na jina moja. Akificha, yeye hana hasara leo, lakini mchumaji anongojea pesa yake ya pishi analipwa kwa pesa ipi? Jirani alopanga foleni kuuza zake zote kwa bei ya kituo, yeye ni mjinga? Akisema, Hamad anashikwa, mama hapelekwi Dar, na Asha anakuwa dada alomuuza kaka yake, atakaa wapi katika kijiji kile?

Tukabishana sana, vijana wengi walikuwa upande wa Hamad na ukali kidogo ukaingia kuhusu bei. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima alokuja na uzi wake wa kushona, alikuwa hajasema neno. Akasema bila ya kuinua kichwa, "mnamzungumza Hamad, mnamzungumza Asha, yule mama mwenye maradhi yake nani kamuuliza kama anataka kupona kwa pesa hizo?" Kimya. Hatukuwa tumempa mama hata sentensi moja kwenye mchezo, tulimlaza kitandani tu, sisi wenyewe watungaji. Siku ya pili tukauchezesha upya mama akiwa na maneno yake, na mchezo ukawa mgumu maradufu, kwa sababu yule aloigiza mama mgonjwa alisema anataka kuishi. Wengi walitegemea aseme hataki pesa ya haramu. Hakusema.

Mnaona, "funzo" la mchezo ule ni lipi? Magendo mabaya? Hilo tangazo la redioni linatosha. Sisi tulizungumza juu ya dada, kaka, mgonjwa, jirani na serikali, na mtu mmoja baada ya siku mbili alikwenda kumwambia ndugu yake jambo la mirathi alilokaa nalo miaka.

Kuna mambo yanayoua mazungumzo na msimamizi lazma ayajue. La siasa za vyama, mnajua tulivo, baraza inagawika dakika moja na haiungani tena, kwa hio kubalianeni kabla kwamba vyama havitajwi, sera mtaje, chama usitaje. Na la dini, hapa nielewekeni vizuri. Dini ni sehemu ya jibu, hatuwezi kujifanya haipo, na mtu akileta aya au hadithi ya Mtume ni haki yake na inasikilizwa kwa heshima. Ila isiwe ndo mwisho wa maneno. Muulizeni huyo huyo aloileta aendelee: ahsante, sasa Asha usiku ule, mama anakohoa chumba cha pili, anaitekelezaje? Hapo anajua kama anazungumza na binaadamu, na mara nyingi anoleta aya ndo anakuja na jawabu lenye huruma kuliko wote.

Kuingia wenyewe jukwaani

Mkishazoea, kuna namna ya Augusto Boal, Mbrazil alofariki 2009, yeye alikuja na maigizo ambayo mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo. Mnauchezesha mara ya kwanza mpaka mwisho, yule mwenye shida anashindwa. Halafu mnaanza tena, na mtazamaji yeyote akiona pahala yeye angefanya vyengine anasema simama, anaingia, anachukua nafasi ya yule mwenye shida, na waigizaji wengine wanamjibu kama wahusika wao wangejibu kweli. Hawamrahisishii.

Boal anasimulia jinsi ilivozaliwa, akiwa Peru miaka ya sabini. Walikuwa wanacheza kisa cha mwanamke asojua kusoma, mumewe kampa karatasi amtunzie akimwambia ni za malipo ya nyumba, kumbe ni barua za mwanamke mwengine. Watazamaji wanapendekeza afanye nini mume akirudi, waigizaji wanaigiza pendekezo. Mama mmoja akasema azungumze naye kwa uwazi kabisa. Muigizaji akazungumza. Mama hakuridhika. Wakarudia, bado hakuridhika. Mwisho Boal akamwambia basi njoo ufanye weye, na mama yule akapanda akachukua ufagio akampiga nao yule "mume". Kumbe ndo "kuzungumza kwa uwazi" kwake. Hapana namna ambayo wangelijua hilo kwa maneno peke yake.

Masharti ni machache. Anaruhusiwa kubadilishwa yule alokwama tu, huwezi kuingia ukawa mume halafu ghafla mume kawa mtu mwema, hio Boal aliiita uchawi na watazamaji wana haki ya kupiga kelele uchawi! Hata suluhisho la kupata bahati, kuokota pesa, mjomba kaja kutoka Oman na mfuko, uchawi. Kwetu sisi nnaengeza sharti la kutoguswa: mwanamke na mwanamme waigize kwa maneno na kwa nafasi, kusimama karibu au mbali kunatosha, na hio itawafanya wengi ambao wasingethubutu kuinuka wainuke. Wala msione ni jambo la kigeni. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa watu wanapigana kwa magomba hadharani na wanawake wanaimba maneno makali, na ikisha imekwisha. Kutoa la moyoni ndani ya mpaka ulokubaliwa tunakujua toka zamani.

Pahala ambapo hapana njia mbili

Hapa nataka nisisitize. Michezo mingi sasa inahusu udhalilishaji wa watoto na wanawake, na inafaa ichezwe. Lakini msije mkaifanya mjadala wa pande mbili kama ule wa karafuu. Mtoto kaguswa, anayelindwa ni mtoto, hilo halina mnyoosho wa mikono, na asiruhusiwe mtu kusema "tumsikilize na yeye mjomba". Kilichobaki cha kuzungumza, nacho ni kikubwa, ni mama alojua akanyamaza kwa muhali: aliogopa nini khasa, nani angemsimamia, sisi majirani tulikuwa wapi, mlango gani ungekuwa wazi angeupita. Ulizeni hayo.

Na kabla ya kuanza, sema wazi kwamba yeyote anaweza kuinuka akaondoka bila ya kuulizwa. Weka mtu mzima mmoja, mwanamke mwenye siri, ambaye watu wanaambiwa mwanzoni kwamba akiwa na neno lake amfuate yeye baadae. Asijifanye hakimu wala asipeleke sulhu ya familia. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali au dawati la jinsia na watoto polisi, amsindikize kwa miguu yake. Na yatakayosemwa barazani hayapigwi picha, hayawekwi kwenye gurupu la WhatsApp.

Mwisho wa kikao, na watoto

Saa moja na nusu inatosha, ikizidi watu wanaanza kurudia. Msipige kura nani kashinda. Kila mtu kabla ya kuinuka aseme kitu kimoja: ni hoja gani ya mwenzake ilomtikisa, hata kama hakuhama. Mzee wenu ndo anamalizia hapo, na mkubalieni aseme atakavo.

Mkitaka kucheza hadharani kwa watu wengi, nendeni kwa sheha mapema na muulize BASSFU, lile baraza la serikali la sanaa na filamu Zanzibar, kuhusu kibali, msisubiri siku ya mchezo.

Kwa watoto wa skuli fanya fupi, dakika kumi za mchezo, dakika ishirini za mazungumzo, na mtihani wa ukubwa wao: rafiki yako kaiba kalamu ya mwenzenu, na huyo rafiki ndo alokukopesha nauli jana. Waulize yule alokopesha nauli kwanza, halafu yule aloibiwa, halafu yule alopo katikati, kila mmoja kwa mdomo wake. Mwalimu asikae mbele, akae nao chini kwenye jamvi, na akitokea mtoto kamuuliza "mwalimu jibu lipi sahihi?" amrudishie yule mtoto wa mwisho alozungumza aseme alimaanisha nini.